Picha Hii ni ya Nyumbani

Kazi inayomlisha ni picha za harusi. Lakini picha anayoipenda kuliko zote ameipiga uani kwake, na mwenye picha amekataa isitoke nje ya geti.

Mpenzi msomaji, hebu vuta albamu ya nyumbani kwenu, au fungua simu kama albamu huna, halafu hesabu. Harusi ngapi? Sendofu, kicheni pati, ubatizo, maulidi, mahafali ya chekechea? Haya, sasa nitafutie picha moja tu ya mama yako akikoroga uji. Moja ya baba amelala kwenye kochi, gazeti limemfunika uso. Moja ya dada yako anasukwa kibarazani, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama wima. Wengi wenu hamtaipata. Nasema kwa uhakika kwa sababu kujaza albamu za watu ndiyo kazi yangu, na mwaka huu natimiza miaka zaidi ya 15 nikiifanya.

Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Dar es Salaam. Wateja wangu nawapenda, wananilipia kodi na ada. Lakini tuambiane ukweli: harusini kila mtu anajua anapigwa. Tumbo linarudishwa ndani, mkoba wa kuazima unasogezwa mbele, ndugu ambao hawajasalimiana tangu mirathi wanakumbatiana mpaka flashi iwake. Hata mwanga wenyewe ni wa kukodi. Ukumbini kuna taa za bluu na za zambarau zinazomfanya bibi harusi aonekane kama ametoka kwenye maji. Picha inatoka nzuri, watu wanafurahi, lakini ukiiangalia baada ya miaka kumi unachokiona kwanza ni gauni. Mtu mwenyewe unamtafuta.

Ndiyo maana kila siku, hata ile ya Jumapili niliyorudi nyumbani saa 8 za usiku miguu imevimba, najipigia picha moja ya kwangu. Moja tu. Haina mteja, haina kamati, haina "mama mkubwa sogea kushoto kidogo". Nimejiwekea masharti matatu: mwanga uwe wa jua au wa moto, kisiwe kitu cha sherehe, na kama kuna mtu ndani yake basi awe anajua. Mwisho wa mwezi nachagua 12, nazisafisha kwa saizi ya postikadi, nyuma naandika tarehe kwa penseli, natia kwenye boksi la viatu. Boksi la kwanza lilijaa, sasa niko la nne.

Jua letu halina subira

Watu wananiuliza, kwa nini usilale? Jibu ni kwamba jua la huku kwetu halina subira. Wenzetu wa Ulaya, hasa wa kaskazini, wakati wa kiangazi wana jioni ndefu, jua linashuka kwa mlalo, mtu anakunywa chai anamaliza na mwanga bado wa dhahabu. Sisi tuko karibu na ikweta. Jua linapanda wima kama mtu anayepanda mnazi, na jioni linashuka hivyo hivyo. Ule mwanga laini wa njano, ambao kila mpiga picha duniani anaukimbilia, hapa Dar unakaa kama nusu saa hivi asubuhi na nusu saa jioni. Ukisema ngoja nioge kwanza, umeshakwenda.

Baada ya hapo linakuja jua la kazi. Saa 6 na dakika kadhaa mchana liko juu ya kichwa, na mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba linapita utosini kabisa, kivuli chako unakikanyaga. Saa hiyo uso wa mtu unakuwa na mashimo: macho yanazama, chini ya pua panatokea kama masharubu. Mimi mchana natafuta mahali ambapo jua limepoteza nguvu: chini ya mwembe, mlangoni mwa duka, ndani ya daladala upande wa kivuli, au kwenye kibanda cha mama lishe ambako bati lina matundu na kila tundu linaangusha sarafu ya mwanga juu ya meza.

Kitu kimoja ambacho harusi zisingenifundisha ni kwamba mwanga una msimu. Mwezi wa 6 jua linachomozea upande wa kaskazini kidogo, mwezi wa 12 upande wa kusini kidogo. Ukikaa nyumba moja mwaka mzima na ukiangalia ukuta mmoja tu, utaliona linahama. Mimi sikujifunza hayo kwenye kitabu. Kuna mtu aliyenifundisha, na nitamfikia.

Ngozi zetu na akili ya kamera

Kabla sijafika huko, niseme jambo la kiufundi kidogo, kwa faida ya yule dada anayelalamika kwamba kila akipiga picha na mchumba wake, mchumba anatoka meno tu.

Kamera haijui inamwangalia nani. Imetengenezwa ikidhani kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake vikichanganywa vinatoa kijivu cha kati, kile kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Sasa msimamishe mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe. Kamera inaona weupe mwingi, inaogopa, inajibana, na uso wa mtu wako unazama gizani. Bibi harusi na bwana harusi ndiyo balaa zaidi: inalihurumia gauni, inamsahau bwana.

Na historia nayo haikutusaidia. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilipimia rangi zake kwa kadi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na wenye kazi wakaziita kadi za Shirley. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea miaka ya 1990. Kwa hiyo zile picha za mitihani ambazo ulitoka kama kivuli, usiilaumu sura yako.

Dawa yake haina gharama. Kwenye simu, gusa uso wa mtu pale kwenye kioo halafu pandisha mwanga kidogo. Zima flashi, inapaka watu mafuta usoni. Mtu amweke ubavu dirishani, mwanga uingie kwa upande. Ngozi nyeusi ikipata mwanga wa upande inang'aa kama ukingo wa chungu kilichosuguliwa, kila mfupa unaonekana. Upande wa pili ukiwa na giza mno, tandaza kanga nyeupe au shikisha mtoto sinia, mwanga urudi. Ndiyo siri yote, na wala hujalipia semina.

Saa 1 asubuhi, Feri

Siku nikiwa sina kazi natoka mapema naenda Feri, soko la samaki. Bahari iko mashariki, kwa hiyo jua linaingia moja kwa moja chini ya mapaa. Wakaangaji samaki wameshawasha, na ule moshi wa mafuta na kuni unakutana na miale ya jua, unaona mwanga kabisa umesimama kama nguzo. Mtu akipita katikati yake na ndoo kichwani anawaka ukingoni kama amechorwa kwa chaki.

Pale ndipo nilipojifunza adabu ya kazi hii. Kamera sitoi kwanza. Nasalimia, nanunua samaki, nakula hapo hapo, naongea. Ikulu iko jirani, na upande ule sigeuzi lenzi kabisa, yasije yakawa mengine. Mama mmoja mkaanga samaki aliniambia asubuhi ya kwanza: "Nyie mnatupiga halafu mnakwenda kutuuza." Sikumbishia. Nilirudi wiki iliyofuata, nikarudi tena. Mwezi wa tatu akaniita mwenyewe: "Wewe dada wa kamera, leo nimependeza, nipige." Nikampiga, nikampelekea ya karatasi. Mpaka leo iko kwenye mfuko wa nailoni, imebanwa juu ya meza yake na misumari miwili.

Neno lake lile la kuuzwa lilinikaa. Sikujua kwamba siku moja lingeingia mpaka sebuleni kwangu.

Mama na ungo wa mchele

Mama mkwe wangu alihamia kwetu Tabata mwaka 2015, baada ya baba mkwe kufariki. Ni mtu wa Pangani, mtu wa pwani haswa, maneno machache na macho makali. Msomaji uliyeolewa unajua hadithi za mkwe na mkaza mwana kwenye nyumba moja, sitakuchosha. Niseme tu kwamba hatukugombana. Ilikuwa "Shikamoo Mama," "Marahaba mwanangu," halafu kimya mpaka chakula. Alikuwa ameondokewa na mtu aliyeishi naye miaka zaidi ya 40, na mimi nilikuwa mtu wa kuja na kuondoka na mabegi ya kamera usiku. Tungezungumza nini?

Tulichokuwa nacho wote wawili ni asubuhi. Yeye akishaswali Alfajiri halali tena. Anatoa kigoda uani, anachukua ungo, anachambua mchele wa siku nzima. Kati ya ukuta wa jirani na mwembe wetu pana nafasi, na jua likishapanda kidogo linapenya hapo, linatandika kwenye sakafu ya uani kipande cha mwanga upana wa mkeka. Kinakaa kama dakika 20. Mama anakaa ndani yake kwa sababu ya baridi ya asubuhi na kwa sababu anaona mawe vizuri. Mimi nilikuwa naangalia kutoka mlango wa jikoni.

Siku moja nikamuuliza, "Mama, naweza kupiga mikono yako?"

"Mikono ya kizee ina nini?"

"Ina mwanga."

Akaitazama, akaigeuza, kama kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Haya, piga. Lakini usoni usifike."

Nikapiga mikono kwa karibu miezi miwili. Mikono na mchele, mikono na nazi, mikono inakunja kanga. Kila mwisho wa mwezi nikawa namwonyesha zile za karatasi. Akazishika mbali kidogo na macho, akazipanga mapajani. Asubuhi moja, bila kuombwa, akaniambia: "Leo hutapata kitu, kuna wingu. Kalale." Na siku nyingine: "Sogeza huo mlango, unanikatia jua." Jamani! Kumbe mwanafunzi nilikuwa mimi. Ujana wake wote aliutumia kuanika mbata. Mtu anayeanika mbata anajua jua kuliko sisi wenye kamera, maana wingu moja na mvua moja ni hasara. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba wakati wa kusi kile kipande cha mwanga kinaangukia karibu na jikoni, na kaskazi ikirudi kinahamia kwenye dirisha la chumba cha watoto. "Jua linatembea kama mgeni," aliniambia, "halikai chumba kimoja."

Usoni nilifika mwezi wa nne, kwa ruhusa. Siku hiyo alikuwa anapepeta, pumba zimepanda, jua limeziwasha zote, na kuku wa jirani akaruka moja kwa moja kwenye ungo. Mama akacheka. Alicheka na mwili mzima, kanga kuukuu imemteleza begani, meno yanayokosekana yote hadharani. Nilibofya mara moja. Hiyo ndiyo picha ninayoizungumzia hapa.

Kalenda

Mama alipenda sana lile boksi. Wageni wakija yeye ndiye anayelitoa, chai haijafika mezani. Mwaka 2018 akaja mgeni wa mume wangu, kijana mwenye kazi nzuri kwenye kampuni moja. Akaliona boksi, akafika kwenye picha ya mchele, akanyamaza. Akasema kampuni yao inatengeneza kalenda ya mwaka mpya, wanatafuta picha za maisha halisi ya Mtanzania, na hii wataichukua hata kesho. Akataja hela. Msomaji, hela ile ilitosha ada ya muhula mzima ya mtoto wetu mkubwa, na mwezi ule ada ilikuwa bado haijapatikana.

Nikamjibu, "Mwenye picha ni huyo hapo. Muulize."

Mama hakufikiri hata kidogo. "Hapana. Picha hii ni ya nyumbani."

Mume wangu akajaribu. "Mama, ni picha tu."

"Kama ni picha tu, baba, mbona wanatoa hela?"

Pakawa kimya. Halafu akaeleza, polepole, kama mtu anayefundisha mtoto. Yule anayecheka pale, alisema, anacheka kwa sababu yuko kwake. Ikitundikwa ukutani kwa watu, hawatamwona anayecheka. Wataona bibi wa kanga kuukuu na kibogoyo, na watu wa Pangani watasema mwanawe hamtunzi. "Wakitaka picha yangu wanitafutie nguo zangu."

Usiku ule mume wangu hakulala vizuri, na mimi sikulala kabisa. Yeye aliona ada. Alisema nimshawishi Mama, kwa kuwa mimi ananisikiliza siku hizi. Nikakataa. Nilimwambia kwamba mama yake ameniruhusu niingie mahali ambapo hakumruhusu mtu yeyote tangu mzee afariki, na siwezi kupageuza kuwa duka. Tukanuniana. Si kununiana kwa maigizo, ni kule kwa chini chini, kwa "chakula kipo mezani" na "nimeona". Ilikwenda karibu wiki mbili. Ada tulikuja kuilipa kwa vipande, kwa kazi mbili za sendofu nilizozipata na kwa mkopo wake wa kazini.

Picha ya heshima

Kumbe Mama naye alikuwa na yake moyoni. Jumamosi moja alasiri akatoka chumbani amevaa gauni la lesi, mtandio wa rangi ya maziwa, herini zake za dhahabu, wanja umepakwa. "Haya," akasema, "nipige sasa."

Nikampeleka barazani, karibu saa 12 jioni, jua limeingia kwa upande. Akakaa wima, mikono miwili magotini, uso umefungwa, macho ndani ya lenzi. Nilisubiri alegee kidogo, hakulegea. Na nilimwelewa, kwa sababu aliwahi kunionyesha picha pekee ya ujana wake. Aliipiga studio, Tanga mjini, nyuma yake pazia lililochorwa minazi, na mkononi amevaa saa ya dadake. Alikuwa amekaa hivi hivi.

Studio za zamani zilikuwa na kazi hiyo. Kule Bamako, Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948, akiwapiga watu nje kwenye mwanga wa jua, mara nyingi picha moja tu kwa mteja, na nyuma yao ametundika shuka la kitandani. Alikuwa na saa, redio na nguo za kuwaazima wateja. Leo picha zile ziko kwenye majumba makubwa ya sanaa duniani. Hapa kwetu, Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na vizazi vya watu wa visiwani vilipita mbele ya kamera ile wakiwa wamevaa kilicho bora. Watu wale hawakuwa wanadanganya. Walikuwa wanasema: hivi ndivyo ninavyotaka mnikumbuke.

Tukampelekea yule kijana picha ya barazani, kwa ridhaa ya Mama. Jibu likaja kwa ujumbe wa simu: nzuri sana, lakini wao walikuwa wanatafuta kitu chenye uhalisia zaidi.

Nilimsomea Mama. Akanitazama. "Kwani mimi nikivaa nakuwa wa uongo?"

Swali hilo nimelizunguka miaka mingi sasa. Mimi ni muumini wa picha za kila siku, na bado ni muumini. Hata mabingwa wa kazi hii walianzia hapo. Henri Cartier-Bresson, Mfaransa aliyefariki mwaka 2004, aliwahi kueleza kwamba picha iliyomsukuma kushika kamera ni ile ya Martin Munkácsi ya wavulana watatu uchi wanaokimbilia maji, migongo gizani, mawimbi yanang'aa, picha ambayo kwa miaka mingi imetambulishwa kwa jina la Ziwa Tanganyika. Wale ni watoto wanaoga tu, na wakambadilisha mtu maisha. Lakini majina yao hatuyajui, na hatujui kama kuna aliyewaonyesha.

Mama yangu mkwe nalijua jina lake, na yeye ana kweli mbili. Wa mchele ni yeye, na wa lesi ni yeye. Wageni wanaotaka moja tu, hasa ile ya kanga kuukuu, wanachukua nusu mtu. Na ile nusu nyingine, ya kucheka na kuku kwenye ungo, haipatikani kwa mgeni hata akija na kamera ya mamilioni. Anaipata aliyekaa mlangoni mwa jikoni miezi minne. Mwenye nyumba akisema ibaki ndani, inabaki.

Mume wangu nilimpata kwa njia ambayo sikuipanga. Umeme ulikatika, watoto wamelala, akachukua tochi akaanza kupekua boksi, nadhani kwa kukosa la kufanya. Nikamsikia ameacha kupekua. Ameshika ile ya mchele. "Kumbe Mama anacheka hivi," akasema. Alikuwa hajamwona anacheka tangu walipomzika mzee. Yeye anatoka alfajiri anarudi usiku, mama yake anamwona akiwa amekaa kwenye kiti cha wageni, amevaa vizuri, anamuuliza habari za kazi. Hakusema kitu kuhusu hela, siku ile wala baadaye. Aliomba nisafishe nakala moja ndogo ya kuweka kwenye waleti. Tulimuuliza Mama kwanza. Akasema waleti ya mwanawe ni nyumbani.

Ukitaka kuanza

Huhitaji kamera kubwa. Simu yako inatosha, ila ifute kioo chake cha nyuma, mafuta ya vidole yanaharibu picha kuliko unavyodhani. Usianze na mtu. Anza na mwanga: kwa wiki moja angalia tu unaingia nyumbani kwako wapi na saa ngapi. Dirisha la choo, tundu la bati, pengo la mlango, popote. Ukishapajua, subiri nani anapita hapo. Kuna mtu ana kawaida ya kukaa pale na wewe hujawahi kumwangalia vizuri.

Piga moja, usipige 40. Ukijua una moja tu utasubiri, na kusubiri ndiko kunakokufundisha mtu anavyokaa, anavyoshika kikombe, anavyoangalia dirishani akidhani yuko peke yake.

Muulize. Hata kama ni mumeo, hata kama ni mtoto wako wa miaka saba. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, lakini adabu ni ya zamani kuliko sheria. Na kuruhusu kupigwa si kuruhusu kurushwa mtandaoni. Hayo ni maswali mawili, uliza yote mawili.

Mwisho, zisafishe. Simu zinaibwa kwenye daladala, zinatumbukia kwenye ndoo, zinakufa tu. Hata kumi kwa mwaka zinatosha. Andika tarehe na jina nyuma. Wajukuu zako hawatajua neno la siri la simu yako, lakini boksi la viatu kila mtu anajua kulifungua.

Mama bado tuko naye. Anaona vizuri kwa umri wake, ingawa mchele siku hizi anauchambua polepole na mimi nakaa kumsaidia, kamera iko mapajani. Ile ya lesi imetundikwa sebuleni kwetu, na nyingine kama hiyo iko Pangani kwa dadake. Ya mchele iko kwenye boksi namba mbili. Ukija kwetu, mwombe mwenyewe. Akikupenda atakuonyesha.